Fundi Pima Hufika Mapema Kufanya Nini?

Mimi wananiita Dada Mkasi. Sababu ya kwanza ni kazi yangu, maana ndimi ninayekata vitambaa vyote katika karakana ya ushonaji iliyo nyuma ya kanisa letu. Sababu ya pili ni ulimi wangu, na hiyo sitaki kuieleza sana.

Jumatatu Mchungaji alikuja kwenye meza yangu ya kukatia. Msimamizi wetu, Fundi Pima, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi kwa sababu ya macho, na cheo hicho nilikuwa nimekitamani miaka sita. Hata kiti nilikuwa nimeshajichagulia.

"Tunafikiri kukupa wewe," Mchungaji alisema. "Ila nina swali moja. Kwa sisi Wakristo, kiongozi mwema ni yupi? Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuja kusikia jibu, mbele ya wenzako."

"Hata sasa nakujibu, Mchungaji. Yesu alijifunga taulo, akawaosha wanafunzi wake miguu…"

"Hiyo nimeihubiri mara ishirini," alicheka. "Niletee uliloliona kwa macho yako."

Hapo nikakwama. Kiongozi niliyekuwa namwona kila siku ni Fundi Pima, na yeye sikumtia hesabuni. Mtu mpole kupita kiasi, akipita katikati ya vyerehani anaomba radhi kwa kupita. Jambo moja tu kwake lilikuwa likiniwasha siku zote. Sisi huingia kazini saa mbili, yeye hufika saa kumi na mbili. Kufanya nini? Fundi wa vifungo alisema anasali. Mwingine alisema anamkimbia mkewe. Mume wangu nilipomuuliza alijibu bila hata kunitazama, "Analala huyo. Mimi ningekuwa na funguo ningefanya hivyo hivyo."

Alhamisi Fundi Pima hakuja kabisa, alikwenda hospitali kupimwa macho. Nikajifanya msimamizi kabla ya siku zangu. Mchana nikamkuta Mama Kimya, mshonaji wetu asiyesema neno mpaka aulizwe mara tatu, ameshona majoho tisa ya kwaya, na mikono yote ameigeuza, upande wa mbele uko nyuma.

Nilimwakia. "Miaka yote hii hujajua mbele na nyuma?"

Vyerehani vyote vilisimama. Mama Kimya alifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akainama, akaendelea na kazi. Mimi nikajisemea kwamba karakana hatimaye imepata mwenyewe.

Ijumaa udadisi ulinishinda. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa dirishani, nimenyata kama mwizi wa kuku. Ndani taa moja ilikuwa inawaka juu ya meza yangu. Fundi Pima ameinama, pua karibu iguse kitambaa, anachezesha mkasi mdogo kwenye kingo za mikono ya nguo niliyoikata mimi. Niliingia bila hodi.

"Fundi! Unaniharibia kazi?"

"Sogea uone, binti yangu."

Nikasogea. Mkono wa nguo ukishakatwa hutiwa vikato vidogo ukingoni, kimoja upande wa mbele na viwili upande wa nyuma, ili mshonaji ajue pa kuuelekeza. Kila fundi anajua. Mimi nilikuwa nimeviacha siku nyingi ili niende mbio, na kwa kuwa hakuna kilichoharibika, nikadhani havina maana.

"Kila asubuhi huvitia mimi," alisema. "Jana sikuwepo."

Nikayatazama yale majoho tisa ndani ya kapu. Nilikuwa nimemliza mtu kwa kosa langu mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ukasema mkasi wako haukosei."

Nilikumbuka. Nilisema hivyo kwa sauti, na watu wakacheka.

"Ungeniambia mara ya tatu!" Nilifoka, lakini ilikuwa aibu tu.

Aliuweka mkasi mezani. "Hapo umesema kweli. Nilikuogopa. Nikaona afadhali nirauke kuliko kugombana na wewe, kisha nikajisifu moyoni kwamba huko ndiko kuwatumikia wengine. Kumbe nilikuwa nakufichia kosa, na aliyeumia ni Mama Kimya. Leo nitamwomba radhi."

Sikuwahi kumsikia mkubwa akisema maneno kama hayo kwa mtu aliye chini yake. Nikachukua mkasi wangu, tukatia vikato pamoja mpaka wenzetu walipoanza kuingia.

Saa mbili kamili Mchungaji alifika. "Haya, Dada Mkasi. Jibu."

Jibu zuri la kujitungia nilikuwa nalo, nimelikariri tangu Jumanne. Ningelitoa, cheo kingekuwa changu, na hakuna ambaye angejua. Nilimwona Fundi Pima anajiandaa kusimama, na nilijua mzigo wote angeubeba yeye. Nikamtangulia.

"Mchungaji, kuna majoho tisa yameharibika. Niliyeyaharibu ni mimi, sikuyatia vikato. Mama Kimya, nilikuaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe." "Jibu lako sina, Mchungaji. Naomba wembe nikafumue."

Fundi Pima naye alisimama, akamwomba Mama Kimya radhi kwa lililo lake. Mimi nikachukua wembe, nikaketi, nikaburuta joho la kwanza kutoka kapuni, nikaanza kufumua.

Mchungaji aliwageukia washonaji. "Nyinyi ndio mtakaosimamiwa. Mnasemaje, awe huyu?"

Kiti kikasogea, na watu wote wakageuka kwa mshangao, maana aliyekuwa anakohoa ili aseme ni Mama Kimya.

"Awe," alisema. "Lakini afumue kwanza yote tisa."

Alivuta kigoda, akakaa ubavuni pangu, akautoa wembe mkononi mwangu.

"Na si hivyo, unachana kitambaa," alisema. "Tazama. Unaushika hivi."