Mpe Tano Mtoto wa Watu

Lori la mbao lilikuwa limeshapita Njoro, na Wamaitha alikuwa bado anapungia mkono watu wa Elburgon ambao hawakuweza kumwona tena. Alikaa mbele na dereva, jirani yao, begi mapajani. Ndani ya begi mlikuwa na fomu sitini, kalamu nne na nguo za wiki moja.

"Unaenda kusomea wapi tena?" dereva akauliza.

"Sisomi, baba. Naenda kuuliza watu maswali huko Kamere, karibu na ziwa. Ni utafiti wa mwisho. Saikolojia."

"Ile ya kusoma watu akili?"

"Si hivyo."

"Basi usinisome. Niko na mambo yangu." Dereva akakaza macho barabarani, hakumwangalia tena mpaka Naivasha.

Wamaitha alikuwa mwaka wa nne kwenye chuo kimoja cha Nakuru. Mwalimu aliyesimamia utafiti wake, Daktari Kabiru, alikuwa amemwambia maneno machache: fomu sitini zilizojazwa, kabla ya mwisho wa mwezi. Akikosa, anarudia mwaka, na nyumbani kondoo wa sherehe ya kuhitimu alikuwa ameshachaguliwa.

Huko Kamere alikaa kwa Chepkurui, rafiki wa mamake tangu wakiimba kwaya moja Elburgon. Chepkurui alikuwa akikata waridi kwenye shamba la maua. Nyapara wa hapo, Kamande, alimruhusu Wamaitha kuwauliza wanawake maswali saa ya chakula, nje ya banda la plastiki.

Maswali yalikuwa ishirini. Kila swali lilijibiwa kwa namba, moja ikiwa mbaya kabisa na tano nzuri kabisa. Chepkurui alikuwa wa kwanza.

"Mkubwa wako kazini anakuheshimu?"

"Tano."

"Unapata nafasi ya kwenda choo ukihitaji?"

Chepkurui akatazama shingo ya Kamande, pale kilipokuwa kikining'inia kibao cha mbao chenye uzi. Asiyevaa kibao hicho haendi choo. Wanawake walikuwa sitini na kibao kilikuwa kimoja.

"Tano," akasema.

Walipomaliza la ishirini, miguu ya Chepkurui ilikuwa imeachana na ardhi kama shibiri moja. Gambuti yake moja ya mpira ilikuwa imebaki chini. Akajaribu kuivuta kwa kidole gumba cha mguu, ikamshinda. Fardosa, aliyekuwa wa pili kwenye laini, akaiokota, akampa, akakalia ndoo.

"Haya, ni mimi sasa. Uliza haraka, chakula kinapoa."

Kufikia Ijumaa, fomu sitini zilikuwa zimejaa, na kila jibu lilikuwa tano. Wanawake sitini walikuwa wakikata waridi bila kukanyaga chini. Kamande alilalamika mara moja tu, kwamba sasa walikuwa wanakata shina juu mno. Wakainama zaidi.

Jioni hiyo Wamaitha alimsongezea Chepkurui ugali, akiinua sahani kidogo ili imfikie.

"Auntie, mbona nyote mmesema tano? Jana ulijizuia mpaka saa nane. Nilikuona."

"Na tungefanya nini? Mimi nikupe mbili, Fardosa akupe moja, mtihani utapita aje? Tuliambiana hapo kwa laini: mpe tano mtoto wa watu. Ametoka mbali."

"Hizo si maksi zangu, auntie. Ni zenu."

Chepkurui alitafuna kwanza. "Sisi maksi tupeleke wapi?"

Jumatatu Wamaitha alitaka kuanza upya. Kamande akamwambia shamba limeshajua wafanyakazi wake wana raha, haina haja kuwasumbua. Basi akaazima futi kamba ya fundi wa nguo, akapima toka nyayo hadi chini kwa watu kumi, akarudi Nakuru.

Daktari Kabiru alizipitia fomu akinywa chai. "Data safi sana hii."

"Wamepaa, daktari. Nimepima. Sentimita ishirini kila mmoja. Kila wakisema tano na si tano, wanapanda sentimita moja."

"Kwa fomu uliuliza habari ya miguu?"

"Hapana."

"Basi miguu si data. Weka kwa mapungufu ya utafiti, ukurasa wa mwisho."

"Na nikirudi niwaulize vizuri?"

"Rudi. Utawauliza ukiwa mwanafunzi wa mwaka ujao."

Wamaitha alikaa kwenye benchi nje ya maktaba mpaka wakafunga. Kisha akaandika sentensi moja ukurasa wa mwisho: miguu ya washiriki haikugusa chini. Siku ya kutetea utafiti, hakuna aliyefika ukurasa huo. Mwalimu mmoja alimuuliza tu, moja hadi tano, alisimamiwa vipi. Daktari Kabiru alikuwa ameketi hapo hapo akifuta miwani. Wamaitha akasema tano, akahisi visigino vikitoka kwenye viatu. Akapita.

Dereva angali anabeba mbao. Kamande amepandishwa cheo, anashughulikia ustawi wa wafanyakazi, na ule utafiti ameutundika ukutani. Shamba liligawa ngazi zake zote, kwa sababu wanawake sasa wanaziba plastiki ya paa kwa mikono yao. Kila mwaka wanaulizwa tena. Kibao cha choo bado ni kimoja, ila kimeongezwa uzi ili wapitishiane huko juu. Chepkurui amefika mita moja na robo. Wanawe wameinua mlango wa nyumba ili apite. Fardosa aliacha kazi, anauza samaki kando ya barabara, analalamika kutwa na anatembea chini kama watu. Daktari Kabiru ni profesa. Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, na huingilia dirishani.

Wamaitha ameajiriwa na kampuni moja Nakuru, kazi yake kutunga fomu. Mamake humpigia kila Jumapili kumuuliza kazi iko aje. Humjibu iko sawa kabisa, na kabla ya kujibu hushika ukingo wa meza.