Mikono Themanini ya Kushoto

Mkataji alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na karakana nzima ya sare za shule ilijua kichwa chake ni daftari. Ulimtajia vipimo asubuhi, jioni akakurudishia bila kukosea hata nusu inchi. Lakini tangu sonona ilipomwingia, wasiwasi ukafuata nyuma yake, namba zilimponyoka kati ya tepu na chaki. Anasoma inchi ishirini na mbili. Akiinama kuchora, hakuna kitu. Anapima tena. Moyo unamwenda mbio, na mbio zile zinafuta hata kile kidogo kilichobaki.

Siku ya Jumanne akasahau kugeuza kiolezo, ile karatasi ngumu ya kuchorea mkono wa shati. Kila mkata nguo anajua: ukishakata mkono wa kushoto, unageuza kiolezo ndipo ukate wa kulia. Yeye alikata mara mbili bila kugeuza, tabaka arobaini kila mara. Mashati arobaini, mikono themanini, yote ya kushoto.

"Labda watoto wa shule hiyo wameumbwa hivyo," akasema mpiga pasi, watu wakacheka.

Msimamizi hakucheka. Alimwita mkataji, akamsukumia karatasi: kosa limetokana na uzembe, kuanzia leo ahamie kufagia. "Weka sahihi, binti, tusipotezeane muda."

Aliisoma, maneno yakateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Akashika kalamu, ilimradi yaishe. Mfukoni alikuwa na barua ya zahanati: ugonjwa huu huathiri kumbukumbu na umakini, na unatibika. Aliogopa kuitoa asije akaitwa kichaa.

"Itoe," akasema shangazi yake, mshona vifungo, aliyemfuata bila kuitwa. "Mashine ikiungua mnaita fundi. Mtu akiungua mnamwita mzembe. Nani kawafundisha hesabu hiyo?"

"Mama, haya hayakuhusu," akasema msimamizi.

"Yananihusu tangu zamani. Ulipovunjika mkono, ulikaa miezi mitatu ukijaza daftari, na hakuna aliyekupa fagio. Mimi sisahau, baba."

Mkataji akaitoa barua. Msimamizi akaisoma, akakohoa. "Mkono ulionekana."

"Na mikono themanini huioni?"

"Sihami mezani," mkataji akasema. Akaiweka kalamu chini. "Nipeni mtu wa kuhakiki kabla sijakata. Wiki sita, mpaka daktari anione tena."

"Wiki sita!"

"Ziandike. Siku hizi nasahau."

"Na wao husahau," shangazi akadakia, "tena bila kuumwa."

Msimamizi akafuta neno uzembe, akaandika ugonjwa, akaongeza wiki sita, na mpiga pasi akawa mhakiki. "Haya, sahihi."

Mkataji akasoma. Maneno hayakukaa kichwani. Akarudia toka juu, kidole kikifuata mstari. Mpiga pasi akaanza kunong'ona, shangazi akamkata jicho. Mara ya tatu maneno yakatulia. Ndipo akaweka sahihi, na wote walikuwa bado wamesimama wakimngoja.