Vidonge vya Mama Kasuku

Mimi ni fundi cherehani, na fundi akiona vitu vimezagaa hutafuta mfuko wa kuvitia. Ndiyo maana siku ile ya kufunga mizigo nilichukua kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule nikashona kipochi chenye vimfuko viwili viwili, kimoja cha asubuhi, kimoja cha jioni. Nikavimwaga vidonge vyangu vyote kutoka kwenye vibahasha vya duka la dawa, vya presha na vya sukari, nikavipanga humo. Vibahasha nikavitupa. Kipochi kilipendeza hadi nikakipiga picha nikamtumia binti yangu anayeishi ng'ambo, huko nilikokuwa naenda kumtembelea. Nilitaka sifa, nisidanganye.

Binti yangu siku hizi hapigi simu. Hutuma ujumbe wa sauti akiwa njiani kwenda kazini, namjibu, naye ananijibu kesho yake, basi hayo ndiyo mazungumzo yetu. Siku hiyo alipiga.

"Mama! Umefanya nini? Dawa hazifungwi hivyo!"

"Zimekosa nini? Hata mshono hujausifu."

"Mama, sikiliza. Mpakani wakikukuta na vidonge havina jina wanaweza kuvichukua. Utakaaje huku bila dawa ya presha? Kila dawa ikae kwenye pakiti yake, na lebo yake, na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Ziweke kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Na cheti cha daktari usikisahau."

"Sasa wewe, mbona hukuniambia ma..."

"Nachelewa kazini, Mama. Kwaheri."

Akakata. Nikaenda kuvitafuta vile vibahasha.

Pipa la taka liko mvunguni mwa meza ya kukatia nguo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama na goti langu bovu hivyo hivyo, nikavitoa vile vibahasha katikati ya vipande vya nyuzi. Nikavisoma kimoja kimoja. Lo! Vyote vimeandikwa: Mama Kasuku. Mama Kasuku. Mama Kasuku.

Kasuku ndiye huyo huyo binti yangu. Alianza kusema kabla hajajua kutembea, mtaa ukambandika jina hilo, na mimi nikawa Mama Kasuku tangu hapo. Wateja wananiita hivyo, majirani hivyo, hata kwenye mazishi ya mume wangu nilipewa pole ya Mama Kasuku. Kliniki wanatuita kwa namba. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akiniita kwa jina langu, naye ni huyo marehemu, tena ndani ya nyumba tu. Mbele za watu alisema Mama Kasuku kama wengine. Lakini kila jioni, akisikia cherehani imenyamaza, aliniita kutoka chumba cha pili. Jina langu kwanza, halafu: "Umekunywa dawa?"

Nilikuwa nakereka! Namjibu, "Mimi si mtoto." Naye anacheka, na kesho yake anauliza tena.

Sasa nakunywa dawa zangu mwenyewe na hakuna anayeuliza. Cherehani ikinyamaza, nyumba nzima inanyamaza. Naumia, nisiwafiche. Watu huniambia, utazoea. Wazoee wao.

Nikabeba vibahasha, kipochi, cheti na pasipoti, nikaenda duka la dawa. Mwenye duka mtaa mzima unamwita Daktari. Si daktari, ila hakatai.

"Daktari, nataka lebo mpya. Uniandikie jina la kwenye pasipoti."

Akacheka hadi miwani ikamshuka puani. "Kumbe una jina, Mama Kasuku! Miaka yote hii nilidhani umezaliwa tayari ni mama wa mtu."

"Na mimi nilidhani umesomea."

Hapo tukawa ngoma droo. Akakisoma cheti, kisha akakifungua kipochi changu na kutikisa kichwa. "Kushona umeshona. Lakini hivi ulivyovimwaga sivibandiki lebo, siwezi kuapa kipi ni kipi. Za safari nakupa kwenye makasha mapya, hayajafunguliwa hata moja. Usiyafungue mpaka ifike siku ya kuyahitaji."

Akafungua pasipoti, akashika kalamu. Nikasogea karibu na kaunta. Nilisimama kama mtoto anayesubiri jina lake lisomwe kwenye matokeo. Nilichokuwa nakisubiri nilikijua vizuri: alitamke. Basi. Alinakili herufi moja moja, midomo kaifumba, akabandika lebo kwenye kila kasha, akazilaza sawasawa kwa kidole gumba. Akaingia mtu kuulizia dawa ya kikohozi.

"Tayari," akasema, macho yakiwa kwa yule mteja. "Safari njema, Mama Kasuku!"

"Ahsante, Daktari."

Nyumbani nikasimama mbele ya kioo cha wateja nikalitaja mwenyewe. Nikalirudia. Wapi! Kujiita mwenyewe ni sawa na kujikuna mgongo, mkono unafika lakini si pale panapowasha. Nikatia makasha kwenye begi la mkononi pamoja na cheti, nikafunga zipu.

Siku ya safari mwenye teksi alinishusha mlangoni pa uwanja wa ndege akaondoka. Pale kila mtu alikuwa anakumbatiwa na mtu wake. Mimi nilikumbatia begi. Jioni ilikuwa imeingia nilipofika kwenye mashine ya ukaguzi. Begi likapita, likawekwa kando, na askari wa ukaguzi, mwanamke wa rika la binti yangu, akatoa makasha yangu akayapanga mezani. Mimi nilikuwa nimeinama navaa viatu.

Akaita jina. Nikageuka nyuma nimwone huyo anayeitwa. Nyuma palikuwa na mwanamume mwenye ndevu.

Akaita tena, jina langu lote, safi, halikukosa hata herufi. "Mama, si wewe huyu?"

"Ni mimi," nikasema.

Akaisoma lebo, akaifananisha na cheti, akaifananisha na pasipoti, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akalisema tena, taratibu, kama mtu wa nyumbani. "Safari yako ni ndefu. Umekunywa dawa?"

Machozi yakanitoka pale pale, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Usilie, mama! Dawa zako hazina tatizo lolote. Zimepita."

"Najua zimepita."

"Sasa nini?"

Mwenye ndevu akaguna nyuma yangu, foleni ilikuwa inarefuka. Agune tu.

"Niulize tena, mwanangu," nikamwambia. "Anza na jina."