Mshono Aliotengewa Mzee Fumua

Katika kazi zote nilizopitia, na nimepitia nyingi kwa sababu miguu yangu haijui kutulia, niliyoipenda zaidi ni ya kupiga pasi kwenye karakana ya sare. Tulikuwa kumi na wawili: mafundi tisa wa cherehani, mkataji mmoja, mimi na pasi yangu, na msimamizi wetu. Tulishona mashati ya wauguzi na ya walinzi. Chumba kilikuwa kirefu, madirisha upande mmoja tu, kwa hiyo aliyekaa ukutani alishona karibu kwa kupapasa.

Msimamizi tulimwita Mzee Fumua. Jina alilijua na hakulichukia. Ukimaliza shati unampelekea mezani. Analigeuza nje ndani, analivuta mabegani, kisha anatoa kisu chake kidogo cha kufumulia nyuzi na kufumua. Halafu anakaa anashona upya mwenyewe huku anapiga mluzi. Hakuambii umekosea nini. Ukimwuliza anasema, acha tu mwanangu, nimeshatengeneza. Roho yake ilikuwa nzuri mno, na shida ilikuwa hapo hapo. Mtu aliweza kukaa pale miaka sita asijue kosa lake ni lipi.

Ikatokea binti yake akapata mimba. Ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye, ameolewa mji wa mbali, mume ni dereva wa lori na nyumbani hupita kama mgeni. Mama mtu alikwisha kufariki. Kwa bahati kampuni yetu ilikuwa na karakana nyingine huko huko kwa binti, nayo ilitafuta msimamizi. Mzee akaandika barua ya kuomba uhamisho. Jibu likaja na sharti: msimamizi haondoki mpaka ithibitike kwamba anaowaacha wanaiweza kazi bila yeye. Afisa wa mafunzo angekuja kutupima kwa siku tatu. Mzee alitusomea barua ile mara mbili, ya pili akiwa amevua miwani, maana alikuwa ameshaikariri.

"Imebaki miezi miwili na nusu," alisema. "Mjukuu akifungua macho, nataka anione."

Afisa mwenyewe alikuwa binti mpole, faili kifuani. Mafundi walimbatiza Dada Fomu kabla hajapata kiti. Alimpeleka Mzee stoo akapange vifungo, akamkataza kutia mguu karakanani. Sisi tukachapa kazi kwelikweli. Siku ya tatu, mashati arobaini yalikuwa mezani yamenyooka. Dada Fomu akayakagua moja moja, na kila akifunua jingine uso unazidi kukunjamana. Mashati thelathini na moja yalikuwa na kosa, na kosa lilikuwa lile lile: ncha ya kola, upande wa kushoto, mishono miwili mitatu imelegea. Akaandika kwamba tulichofundishwa hakikutuingia. Atarudi baada ya wiki nne, na nafasi hiyo ndiyo ya mwisho kwa mwaka ule.

Mzee alikuja kwenye meza yangu na shati mkononi.

"Kola zote zinapita kwako. Hii imeanza lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikachomoa pasi, nikamweleza. Zamani, kabla mimi sijafika, Mama Mikasi, fundi mkongwe kuliko wote, aligundua kwamba Mzee asipoona kosa hatulii. Atafumua hata kizuri, na bega zima linakwenda. Lakini akiona kosa akalitengeneza, moyo wake unashuka na shati lote linapona. Basi wakakubaliana wamwachie mahali pamoja, pasipo na kazi kubwa: ncha ya kola ya kushoto. Kila fundi mgeni alionyeshwa siku ya kwanza. Pale paliitwa fungu la Mzee. Siku za mtihani hakuna aliyekusudia. Mikono ilikwenda yenyewe. Mazoea yana taabu.

"Miaka mingapi?"

"Mama Mikasi anasema kumi na moja."

Akakaa juu ya robota la kitambaa. Nilidhani atalia. Akacheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikamkatikia njiani.

"Kumi na moja. Na mimi nikifika nyumbani najisifu, bila mimi pale pangeoza."

Asubuhi yake alisimamisha cherehani zote akatuomba radhi. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, sijamwona mwingine aliyefanya hivyo. Mama Mikasi akamjibu, "Na sisi tumekosa, Mzee. Tulikulea vibaya." Karakana ikaangua kicheko, kwa sababu Mzee alimzidi umri kwa miaka ishirini.

Wakapanga utaratibu mpya. Shati likiisha linakwenda kwa jirani. Jirani anataja kosa kwa mdomo wake, na sababu yake, na aliyeshona anafumua mwenyewe. Mzee haruhusiwi kugusa. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Mkono unamtoka, Mama Mikasi anakohoa, mkono unarudi. Mwishowe akawa anaikalia mikono yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Ila sasa akiulizwa alijibu, na tukagundua kwamba kichwa kile kilikuwa ghala. Shemeji akamtania kwamba miaka yote walidhani ni bubu wa mluzi. Huyu Shemeji alikuwa fundi aliyeoa dada wa mkataji, na tangu siku ya harusi hakuna aliyetaka kumwita vingine.

Dada Fomu aliporudi, alimruhusu Mzee akae mlangoni, mradi afunge mdomo. Siku mbili zikapita salama. Siku ya tatu Shemeji, kwa haraka zake, akachukua mkono wa kushoto wa shati akaushona kwenye bega la kulia. Nilimwona Mzee alipoliona. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Shemeji akakata uzi, akampa Mama Mikasi. Mama Mikasi alikuwa akimsimulia mwenzake habari za mwenye nyumba wake. Akalipitishia shati macho, akalikunja, akaliweka kwenye fungu la yaliyokwisha.

Mzee akafumba macho.

Mama Mikasi alishona kidogo shati lake mwenyewe, akasimama. Akalirudia lile, akalikunjua.

"Shemeji, muuguzi wako ana kiwiko kinachotazama mbele."

"Haiwezekani."

"Livae basi."

Akalivaa, mkono ukamshika kama amefungwa kamba. Watu wakacheka mpaka na Dada Fomu akajificha nyuma ya faili. Mama Mikasi akamwonyesha alama za mkataji: mkato mmoja mbele, miwili nyuma, hesabu kabla hujatia sindano. Shemeji akafumua mwenyewe.

Dada Fomu aliuliza nani aliyemfundisha ile mikato. Mama Mikasi akanyoosha kidevu mlangoni.

"Yule pale. Wiki juzi. Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza tu."

Jioni tukasomewa: karakana imefaulu, Mama Mikasi ndiye msimamizi, Mzee aende. Nilipomtafuta nimpe pongezi nilimkuta uani, kwenye bomba, ananawa uso aliokwisha kuunawa.

"Wameliona bila mimi," alisema.

Nikamwambia si ndicho alichotaka.

"Ndicho. Niache kidogo, ndugu yangu."

Nikamwacha, lakini si mbali. Akafuta mikono kwenye suruali, akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, mtandikie baba yako kitanda. Jumamosi." Akasikiliza. "Hapana, mtoto utamwogesha wewe. Mimi nitakaa tu." Akasikiliza tena, kirefu, akaanza kutabasamu. "Haya, basi. Nitashika taulo."