Betri Mbili za Redio

Redio ilisema dawa imepatikana, mazombi wanapona, na Jumatatu kila mtu arudi kazini. Nikaizima upesi kama mwizi aliyesikia kikohozi. Mke wangu alikuwa bafuni. Nikachomoa betri zote mbili na kuanza kuzunguka sebuleni nikitafuta pa kuzificha.

Msinione mwehu. Mimi ni fundi wa lifti, kazi yangu ya mchana. Mke wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Kwa miaka tisa ndoa yetu ilikuwa ngazini: mimi napanda, yeye anashuka, ananikabidhi ufunguo, "Umeshindaje?" "Salama," basi. Hata kugombana tuligombana kwa vikaratasi kwenye friji.

Kisha mazombi wakaingia mjini, tukajifungia ndani pamoja. Siku sitini na mbili! Nikagundua kwamba mke wangu huiba kwenye karata, na kwamba hucheka hadi apaliwe. Kila asubuhi tulikaa dirishani kumsubiri msimamizi wangu, ambaye hata uzombi haukumtoa kazini. Alipita na kiatu kimoja, akiitazama saa yake. Nilimpungia kikombe cha chai. Sijawahi kuwa na furaha kiasi kile, na nasema bila haya. Ila tangu Jumanne mke wangu alinikataza kufungua pazia, eti wamekuwa wakali.

Na sasa Jumatatu ilikuwa kesho. Nikaweka betri chini ya godoro, nikazitoa. Nikaziweka ndani ya sufuria, nikazitoa, maana atapika. Maji yakanyamaza bafuni. Nyuma ya mlango ilining'inia sare yake ya kazi, haijavaliwa tangu siku ya kwanza. Nikazitumbukiza mfukoni mwake.

Vidole vyangu vikagusa karatasi. Ilikuwa barua ya hospitali, bila shaka ilipenyezwa chini ya mlango: hali imetulia, unaombwa uripoti kazini siku ya Jumatatu. Nikatazama tarehe. Ilikuwa ya Jumanne iliyopita.

"Unapekua nini kwenye sare yangu?"

Alikuwa nyuma yangu, taulo kichwani. Alitia mkono mfukoni, akazitoa betri, akazitazama. Mimi nilikuwa na barua yake mkononi. Huko nje mtu alikuwa anafagia barabara huku akipiga mluzi.

"Umewasikia?" akanong'ona. "Wamejaa."

"Wengi mno," nikasema. "Hatutoki leo."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikamshika mkono. Alipotulia, akauchomoa ufunguo mlangoni, akaudondosha kwenye mfuko wa sare pamoja na betri na barua yake.

"Gawa karata, mume wangu," akasema. "Tuna mpaka asubuhi."