Kaburu Hajulikani Embu

Barua ya wakili kutoka Kanada ilikuwa na mistari minne tu, na Kaburu aliisoma mara tisa, labda wa tano ungetokea umhurumie. Haukutokea. Wakili alisema amempigia simu Mzee Ndambiri, mwenye gereji ya malori kule Embu, kuhakikisha kwamba Kaburu alikuwa fundi wake kwa miaka mitano. Mzee alijibu kwamba hamjui mtu huyo, hajawahi kumwona, akakata simu. Angepigiwa mara moja tena, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Akimkana tena, kampuni iliyotaka kumwajiri Kaburu na kumdhamini apate ukaaji wa kudumu ingetafuta fundi mwingine.

Kaburu alikaa kitako juu ya gunia la viazi nyumbani kwao Nkubu. Kosa lilikuwa lake, tena alikuwa amelipanga vizuri. Jirani yao Murithi alipopata karatasi za kwenda ng'ambo alichinja mbuzi, akaombewa na kanisa zima, kisha viza ikakataliwa. Mpaka leo anaulizwa ndege ni saa ngapi. Basi Gladys, mama yake Kaburu, alipiga marufuku: safari isitajwe mpaka kijana akanyage theluji. Kaburu naye akamwapisha kila aliyejua. Mtu akiuliza habari zangu, hunijui. Mzee Ndambiri aliapa mkono juu, spana ikiwa bado mkononi.

Siku hiyo, Alhamisi, simu ya Kaburu ilikuwa imeisha chaji, akampigia mzee kwa ya mama.

"Mzee, ni mimi Kaburu."

"Kaburu simjui."

"Mzee, ni mimi mwenyewe."

"Hata wewe sikujui," akasema mzee, akakata. Alipopigiwa tena, alikuwa amezima simu.

Ijumaa saa kumi na nusu Kaburu alifika gereji na kukuta miguu ya mzee ikichungulia chini ya lori. Mzee alitoka akitabasamu kama mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani. Yule mama wakili wa ng'ambo alimuuliza mara tatu, naye akamshinda mara tatu. Alimtajia hata jina la Gladys, wapi! Kaburu alitaka kucheka, lakini meno yalikataa kufunguka. Aliuliza simu iko wapi. Ilikuwa imezimwa, ndani ya koti, nyumbani kwa mzee kule mtaa wa Majimbo.

Fundi mmoja, Ireri, alirukia bodaboda. Alirudi na simu zikiwa zimebaki dakika mbili. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Dakika tano. Kumi. Kaburu alifungua nati moja ya gurudumu, akaifunga, akaifungua tena, mpaka mwenye lori akamwomba aliache gari lake.

Ikalia. Mzee akaweka spika, maana masikio yake yalishamalizwa na injini. Wakili akauliza kama anamjua Kaburu. Mafundi wote wakaacha kugonga. Mzee alimtazama Kaburu. Kuapa ni kuapa.

"Mzee, nimekufungua kiapo," Kaburu akanong'ona. "Sema."

Basi mzee akasema anamjua, kwa Kiingereza chake cha shule na kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Akaeleza gia za lori la majani chai ambazo Kaburu alizishusha peke yake mvua ikinyesha, akataja hata mwezi na mwaka. Wakili akauliza kwa nini basi juzi alimkana.

"Huku kwetu mama, mtu hasemwi anasafiri mpaka afike. Na wewe ulikuwa unauliza maswali kama adui."

Kaburu alihesabu pumzi zake kumi na moja. Ndipo wakili akasema ameandika yote, ameridhika, na Jumatatu maombi yangesonga mbele. Kaburu akaketi juu ya tairi.

Hata jasho halijakauka, simu ya Kaburu ikalia. Ni mama, anaongea kwa kunong'ona. Ireri amempigia shemeji yake anayeuza ndizi sokoni Gakoromone, na sasa soko lote linamuuliza kama ni kweli mtoto anaenda Kanada. Awajibu nini?

Kaburu alimtazama Mzee Ndambiri, ambaye alikuwa amesharudi chini ya lori.

"Waambie ndiyo, mama. Na ukiulizwa kama unanijua, sema pia ndiyo."