Mke wa Kwanza wa Duke Ludolf

Madame Godelieve alikuwa na miaka themanini na minane, macho yamemwishia, magoti yamegoma, na bado kila asubuhi aligombana na mwanamume aliyekufa miaka mia tisa iliyopita. Mwanamume huyo aliitwa Duke Ludolf. Alikuwa mtawala wa jimbo moja la Ujerumani ya zamani, na Madame, aliyefundisha Kilatini maisha yake yote, alikuwa na hakika kwamba yeye ni wa damu yake.

Pétronille, mtunzaji wake, ndiye aliyemwogesha, akampa dawa, akamsomea, na ndiye pia aliyemwandikia. Kule Uvira, Kongo, alikuwa mwalimu wa darasa la pili kabla vita havijamfanya mkimbizi, na mwandiko wake wa ubaoni haukuwahi kumtoka. Basi kwenye meza ya chakula, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles jijini Bruxelles, ilitandazwa karatasi ndefu yenye ukoo mzima wa Ludolf, kwa penseli ya Pétronille.

Na ukoo wenyewe ulikuwa na vituko! Babu yake Ludolf alikuwa mtunza farasi, lakini mjukuu alipopata cheo aliwaambia watawa waandike kwamba yule mzee alizaliwa na binti wa mfalme. Nani angebisha? Akaoa mara tatu. Mke wa kwanza, Richenza, alikufa kwa homa. Wa pili, Mathilde, alimzalia Adelheid, na kwa Adelheid ndiko Madame alikotokea. Wa tatu alikuwa mjane mwenye ngome nzuri, Ludolf akiwa hana tena jino la kutafunia nyama ya harusi. Pétronille alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Alhamisi ile hakucheka. Kwanza, kichwa chake kilikuwa kwenye Jumamosi, siku ambayo binti yake Laetitia angetolewa mahari. Pili, ilikuja barua kutoka kwa mtunza nyaraka mmoja wa Ujerumani, ameambatanisha tafsiri ya kitabu cha kale cha masista, kile cha kuwaombea wafu wao. Pétronille alisoma kwa sauti: "Leo tunamwombea dada yetu Richenza, aliyekuwa mke wa Duke Ludolf, mama yake Adelheid." Mwaka uliotajwa ulikuwa wa ishirini na mbili baada ya ile homa.

Madame alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Alikuwa hai! Mshenzi yule alimfungia kwa masista, akasema amekufa, akaoa mwingine. Na mtoto akamwandikisha kwa Mathilde! Chukua kifutio, Pétronille. Mtoe Adelheid hapo alipo, umrudishe kwa mama yake."

Pétronille alichukua kifutio. Mkono ukakataa kwenda.

"Labda Mathilde hakujua, Madame."

"Soma ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili ulisema kwamba kila majira ya baridi masista walipokea blanketi kutoka kwa Mathilde, mke wa duke, la kumfunika dada Richenza.

"Blanketi!" Madame alicheka kwa hasira. "Umechukua mume wa mtu, umechukua mtoto wa mtu, halafu unampelekea blanketi. Futa, mwanangu."

Pétronille alifuta. Alichora mstari mpya, umepinda, yeye ambaye mistari yake haikupinda kamwe. Moyoni alikuwa anajiambia neno moja tu: yeye hata blanketi hakuwahi kutuma.

Maana Laetitia hakuwa wa tumbo lake. Josias alifika kambini na mtoto wa miaka miwili mgongoni, mkewe Sephora amepotea katika vurugu za kukimbia, na watu wote wakasema wamemwona amekufa. Pétronille alimpikia yule mtoto uji, akamwogesha, akampenda, halafu akaolewa na baba yake. Walipoulizwa maswali ya kuja Ulaya, walisema mtoto ni wao wawili. Uongo ule haukumnyima Pétronille usingizi. Sephora alikuwa marehemu, na marehemu hana cha kulalamika.

Lakini mwaka wa sita wa Bruxelles, Josias akiwa kazini, simu ililia. Mwanamke akasema kwa sauti ya woga kwamba anaitwa Sephora, yuko Uvira, anapiga kwa simu ya kaka yake Mwenze, anamtafuta Josias na mtoto wao. Laetitia alikuwa pale pale mezani, ana miaka kumi na miwili, anafanya hesabu za shule huku anakula biskuti. Pétronille alimtazama. Katika mawazo akamwona anapakia begi, akamwona Josias anashika mlango.

"Hapana, maman," alisema. "Huyu siyo ule Josias."

Na Sephora akajibu, "Pardon, maman, nilikusumbua. Mungu akubariki."

Miaka kumi na moja baraka ile imemkaa kooni. Josias alikufa miaka mitatu iliyopita bila kujua kitu, na mazishini watu walimsifu Pétronille kwa uaminifu. Ile namba ya Mwenze aliiandika nyuma ya kadi ya ubatizo ya Laetitia, hata yeye hakujua kwa nini, na kadi akaificha ndani ya Biblia. Aliona haya kuitupa na aliona haya kuipiga.

Jumamosi ukumbi wa parokia kule Saint-Josse ulijaa vitenge. Mbele viliwekwa viti viwili vyenye mito, kimoja cha bibi harusi, kimoja cha mama aliyemzaa. Pétronille alikaa kwenye kile cha pili. Biblia ilikuwa mkobani, na kadi ilikuwa ndani yake. Alikuwa amejiambia kwamba ameibeba kwa ajili ya sala tu.

Ndugu yake Élisée alikuwa ametoka Liège kwa treni ya asubuhi, suti mpya, viatu vinalia. Yeye alifika Ulaya baadaye, akitokea Lubumbashi, na hakuwahi kuambiwa lolote.

"Yaya, niko sawa?" alimnong'oneza dada yake mkubwa. "Hii mbuzi yangu, leo nitaibeba mimi mwenyewe!"

Mbuzi wa mjomba ni jambo zito kwa watu wa Kivu, jimbo la kina Pétronille. Mahari yote yanaweza kujadiliwa, kupunguzwa, hata kucheleweshwa, lakini mbuzi huyo ni wa ndugu wa mama aliyezaa, na asipomshika yeye kwa mkono wake, hakuna ndoa. Wazee husema akiliwa na asiye mjomba, tumbo la bibi harusi halishiki mtoto. Pétronille, mwalimu na Mkristo, alikuwa akiwacheka wazee hao. Siku ile hakuweza.

Vijana wa upande wa Bienfait, bwana harusi, waliingia na mbuzi mzima aliyekwisha chinjwa kutoka bucha moja ya Chaussée de Wavre, amefungwa kwenye kitenge cha kijani. Msemaji wao, Tonton Crispin, alipaza sauti.

"Alors, tunatafuta mujomba! Ndugu ya maman mwenye alizala huyu mutoto, atoke atwae mbuzi yake!"

Vigelegele. Élisée akainuka, akarekebisha tai, akanyoosha mikono.

"Élisée, wacha," alisema Pétronille.

Hakupaza sauti, lakini vigelegele vilikatika. Alikuwa amesimama.

"Yaya, kuna nini?"

"Hiyo mbuzi siyo yako. Mimi sikuzala Laetitia."

Laetitia aligeuka taratibu. "Maman, arrête. Unasema nini?"

"Mama yako anaitwa Sephora. Vita ilimutenga na papa, bakasema amekufa. Lakini hakukufa. Alipiga telefone kwetu, weye uko na miaka douze. Nikamwambia siyo ule Josias."

"Na papa? Papa alijua?"

"Papa alikufa bila kujua. Ni mimi peke yangu. Niliogopa ataniacha, na weye utamufwata mama yako na kuniita tantine tu, siyo maman. Donc nilidanganya. Hakuna mwingine wa kulaumu."

Élisée alikuwa bado amenyoosha mikono, mitupu.

Pétronille alifungua Biblia, akatoa kadi, akabonyeza namba tarakimu moja moja. Aliweka sauti ya nje ili watu wote wasikie, maana alijijua: akipewa nafasi ya kuongea pembeni, angedanganya tena. Simu iliita mara nne.

"Allô? Ni Mwenze. Nani huyu?"

Alikuwa na mengi ya kusema, ameyapanga kwa miaka, na yote yakampotea.

"Mujomba Mwenze," alisema, "mbuzi yako iko hapa Bruxelles. Inakungojea."

"Mbuzi gani? Nani anasema?"

"Mbuzi ya Laetitia, mutoto ya Sephora na Josias. Anaolewa leo. Mimi njo ule mama alisemaka kwa telefone siyo ule Josias."

Mtu mmoja nyuma alisema laini imekatika. Halafu walisikia kitu kinaanguka huko Uvira, nyayo zinakimbia, na sauti ya mwanamume ikimwita dada yake kwa nguvu zote:

"Sephora! Sephora, kuya mbio!"

Laetitia alichukua simu kutoka mkononi mwa Pétronille. Alimgeuzia mgongo, akaibana sikioni kwa mikono miwili, akangoja. Pétronille alibaki amesimama kando ya kile kiti chenye mto, na hakukikalia tena.